Mambo yameharibika na wewe ndo mwenyekiti: ufanye nini, hatua kwa hatua

Huu mwongozo namuandikia mtu ambae jana usiku kapigiwa simu saa nne akaambiwa hela za kikundi hazitimii, au kamati yake imekula michango ya kisima na kisima chenyewe hakijachimbwa. Hujaiba wewe. Labda hata hukuwepo. Ila kiti ni chako na kesho asubuhi watu watagonga mlango wako, sio wa mtu mwingine.

Mimi nipo Mbagala, nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa miaka sita, watu 27, wengi wao kinamama wa biashara ndogo ndogo pale Rangi Tatu, na mwaka wa sita ndo yakanikuta. Ninachokuandikia sikukipata kwenye semina. Nilikaa chini nikaangalia wakubwa wetu walifanyaje walipokalia kuti kavu, hasa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambae kazaliwa Kivure huko Mkuranga, yaani ukitoka kwangu ukanyoosha hii barabara ya Kilwa ndo unaenda kwao, na Mwalimu Nyerere. Wao walibeba nchi, sisi tunabeba sanduku la bati lenye kufuli tatu, ila kile kitu kinachokukaba koo usiku ni kile kile na makosa ambayo mtu anakimbilia kuyafanya ni yale yale.

Naenda kwa mpangilio wa siku, maana siku ya kwanza ina mambo yake na mwezi wa tatu una yake.

HATUA YA KWANZA: HESABU KABLA HUJAONGEA

Usiku ule ule utatamani kumpigia mweka hazina umfokee, utatamani kuandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba watu watulie hakuna kilichoharibika. Usifanye hata kimoja. Hujui bado. Ukisema hakuna kilichoharibika na kesho ikaonekana kimeharibika, hapo ushaongeza uongo juu ya hasara, na watu wanasamehe hasara haraka kuliko uongo.

Mimi asubuhi saa moja nilienda na katibu na wale wahesabu fedha wawili hadi kwa mama anaetunza sanduku, tukawaita wenye funguo wote watatu, tukafungua. Nakumbuka kufuli ya katikati ilikuwa na kutu ikabidi ipakwe mafuta ya kula ndo ikaachia. Tukazitandaza noti kwenye mkeka, elfu kumi kumi upande wake, elfu tano upande wake, sarafu kwenye sahani, kisha daftari la hisa likasomwa jina kwa jina, na laini ya simu ya kikundi ikaangaliwa salio na miamala yote ya nyuma. Mtu mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anarudia kwa sauti. Tulirudia mara tatu. Pungufu ilikuwa laki sita na elfu arobaini. Tukaandika kwenye karatasi, tukasaini wote tuliokuwepo, na ile karatasi nikaipiga picha na katibu nae akaipiga.

Hiyo karatasi ndo itakusaidia kuliko maneno yoyote. Usiruke hii hatua hata kama watu washajaa uani wanataka kauli. Waambie: nipeni mpaka saa kumi jioni, tunahesabu. Ukisema saa kumi iwe saa kumi.

HATUA YA PILI: TENGANISHA ALIEFANYA NA ANAEBEBA

Hapa ndo pagumu na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Mwaka 1976 kule Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya wazee waliokuwa wanashutumiwa uchawi, vyombo vya dola vikaingia kuwasaka wauaji, watu wengi wakakamatwa, na baadhi yao waliteswa mpaka wakafa mikononi mwa waliokuwa wanawashikilia. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu wala hakuagiza mtu apigwe, na Shinyanga ni mbali sana na meza yake ya ofisi. Januari 1977 akajiuzulu. Alisema tu kwamba walio chini yake ndo waliofanya, kwa hiyo lawama ya kisiasa inamfikia yeye, Mwalimu akamkubalia akaondoka.

Mimi nilivyokuwa mdogo nilikuwa nasikia hiyo stori naona kama mzee alionewa. Sasa hivi sioni hivyo. Kuna maswali mawili na watu wengi tunayachanganya. Swali la kwanza ni nani kafanya, hilo ni la polisi au la kikao, lina ushahidi na linaweza kuchukua miezi. Swali la pili ni nani alikuwa anaangalia, na jibu la hilo linajulikana dakika ile ile maana jina lake limeandikwa kwenye katiba ya kikundi. Kiongozi mbovu anatumia swali la kwanza kujifichia, anasema tusubiri uchunguzi, kumbe la pili linamsubiri yeye.

Chukua karatasi uandike peke yako, usimuonyeshe mtu kwanza: mimi niliruhusu nini? Sio nilifanya nini, niliruhusu nini. Mimi niliandika hivi. Sheria yetu inasema hela haitoki nje ya kikao cha Jumamosi. Ila kuna wiki mama mmoja mtoto wake kaugua, mweka hazina kanipigia, nikamwambia mpe tu, tutaandika Jumamosi. Ikaenda vizuri. Wiki nyingine tena mpe tu. Mara ya nne. Baadae mweka hazina hakuwa anapiga tena simu, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe kamfundisha kwamba sheria inavunjika kwa neno la mdomo. Yeye akaanza kujikopesha kidogo kidogo akijua atarudisha, na hakurudisha.

Madaraka yananoga kwenye hiyo "mpe tu". Unajisikia mtu wa maana, unaombwa unatoa, unaitwa mwema. Ule msemo wa TANU kwamba cheo ni dhamana tumeusikia mpaka tumeuzoea, mimi nimeuelewa siku nimesoma hiyo karatasi yangu mwenyewe nikakuta kile nilichokuwa nakigawa kwa wema hakikuwa changu.

HATUA YA TATU: WAAMBIE MWENYEWE, SIKU ILE ILE, NA CHUNGA VITENZI

Watu wakisikia kwako kabla hawajasikia mtaani umeshaokoa nusu. Mwaka 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, kambi ambayo leo tunaiita Lugalo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, wakitaka mishahara iongezwe na maafisa wa Kiingereza waondoke. Mjini maduka yakaporwa. Mwalimu alifichwa, siku mbili hakuonekana, aliekwenda kuongea na askari ni waziri wake Oscar Kambona, na zile siku mbili ndo uvumi ulikuwa unatembea kila kona. Alipotokea alihutubia redioni na akazunguka mjini watu wamuone kwa macho. Kisha ikabidi afanye kitu kilichomuuma sana, kuwaomba Waingereza, walewale tuliotoka mikononi mwao mwaka 1961, walete askari wao kuzima maasi, wakatua tarehe 25. Aibu kubwa kwa nchi huru. Na hakuinyamazia, mwezi uliofuata nchi za Umoja wa Afrika zilikutana hapa hapa Dar akawaeleza wenzake kilichotokea na kwa nini aliomba, na baadae wakaja askari wa Nigeria kushika nafasi ya wale Waingereza.

Kwako wewe ina maana hii: kama ulikimbilia msaada wa aibu, ulikopa kwa mtu wa riba kufunika pengo, ulimuomba mtu ambae kikundi hakimpendi, sema. Litajulikana tu.

Sasa vitenzi. Kiswahili chetu kina njia nzuri sana ya kumficha mtu ndani ya kitenzi na ukiwa na hofu mdomo unaikimbilia wenyewe. "Hela zimepotea." Nani kazipoteza? "Kumetokea upungufu." "Taratibu hazikufuatwa." "Makosa yamefanyika." Hizo sentensi zote hazina mtu, na wanachama wanasikia kabisa kwamba hazina mtu, hata kama hawawezi kukueleza ni kwa nini zimewakera. Badilisha kila moja iwe na mimi. Niliruhusu. Sikukagua. Nilimwambia ampe. Na lile neno "kama" litoe kabisa, ukisema "kama kuna mtu nimemkosea anisamehe" hujaomba msamaha hapo, unamuuliza mtu kama ameumia wakati damu unaiona.

Meseji yangu ilikuwa hivi, unaweza ukaichukua ukaibadilisha:

"Ndugu wanachama, salaam. Leo asubuhi tumefungua sanduku na kuhesabu tukiwa watu saba, majina yapo kwenye karatasi ya picha hapo chini. Pungufu ni 640,000. Sheria inasema hela isitoke nje ya kikao, mimi niliruhusu itoke mara nne kwa simu, na sikukagua laini ya kikundi kwa miezi mitano. Hilo ni langu. Mweka hazina atajieleza mwenyewe mbele yenu. Leo saa kumi jioni tukutane palepale, nitajibu kila swali. Naomba radhi."

Basi. Usiongeze aya ya kwamba umejitolea miaka sita bila posho. Ni kweli, ila siku hiyo haina kazi.

Kuna watu watakushauri usikiri, eti kukiri kunakupunguza. Waambie waangalie Mwalimu. Serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na ikavunja vyama vya ushirika mwaka 1976, mambo makubwa hayo yaliyoumiza wakulima na miji, na baadae akasema mwenyewe wazi kwamba yalikuwa makosa. Hakupungua machoni pa watu kwa hilo. Kilichouma ni kwamba wananchi walikuwa washalipa gharama ya miaka mingi, ndo maana nasema siku ile ile.

HATUA YA NNE: KUONDOKA AU KUBAKI

Kila mtu atakuwa na maoni, mkeo, shemeji, mpaka kijana wa bodaboda. Mimi nilijiuliza hivi: nikibaki, kuna mtu ataogopa kusema ukweli kwa sababu mimi nipo mezani? Kama yupo hata mmoja, ondoka. Mweka hazina alikuwa rafiki yangu tunasali msikiti mmoja, hakuna mwanachama angeamini kikao ninachokiongoza mimi kimhukumu yeye. Hapo jibu lilikuwa wazi.

Ila kuondoka nako kuna kukimbia ndani yake. Mwalimu hakujiuzulu Januari 1964, nchi ingebaki na bunduki mtaani bila mwenyewe, alikaa akasafisha. Na kuna kuondoka ambako hakuna hata kosa: tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliachia Uwaziri Mkuu akamkabidhi Rashidi Kawawa, yeye akaenda kuzunguka nchi kujenga chama, Desemba mwaka huo huo akarudi kama Rais. Kwa hiyo usiichukulie kujiuzulu kama hukumu ya kifo wala kama dawa ya kila kitu. Angalia nani anabaki na mzigo ukitoka wewe.

Ukiamua kutoka, toka na tarehe. "Nitajiuzulu hivi karibuni" ni mateso kwa watu. Mimi nilitaja Jumamosi ya tatu kutoka siku ile, na kazi ya wiki tatu ilikuwa makabidhiano tu, na hapa watu wengi wanafanya ovyo ovyo ndo maana nayaandika kwa urefu. Daftari zote, la hisa, la mikopo, la faini na la mfuko wa jamii, zinasomwa ukurasa wa mwisho na kusainiwa na anaetoa na anaepokea. Mhuri unapigwa kwenye karatasi ya makabidhiano mbele ya watu, ili ijulikane siku hiyo ulikuwa kwa nani. Benki, kama mna akaunti, mnaenda na muhtasari wa kikao kubadilisha watia saini, usisubiri mpaka mtu anataka kutoa hela ndo mkumbuke. Na laini ya simu! Vikundi vingi laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, yetu ilikuwa kwa jina langu mimi, sasa mwenyekiti kaondoka na kikundi bado kinatembea na hela kwenye jina lake, ikitokea kafa au kakasirika mtafanyaje? Tulihamisha salio lote mbele ya watu, nikaifunga ile laini, wakasajili nyingine kwa utaratibu wao mpya. Usimpe tu mtu laini na namba ya siri ukaona umemaliza.

HATUA YA TANO: TENGENEZA KILICHOVUNJIKA, SIO MTU TU

Hili fupi. Baada ya maasi Mwalimu hakuishia kuwafunga walioongoza, alilivunja jeshi lote la kikoloni likaanza upya, na ndo tukapata JWTZ tarehe 1 Septemba 1964. Sisi tuliandika kifungu kimoja: hakuna kiongozi, hata mwenyekiti, mwenye ruhusa ya kutoa hela nje ya kikao, mgonjwa akitokea kuna mfuko wa jamii na watu watatu lazima wakubali kwa maandishi. Na taarifa ya laini inasomwa kwa sauti kila Jumamosi kabla ya hisa.

Halafu anza kulipa wewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akakasirika akawarudisha makwao karibu 400, uamuzi ambao mimi bado naona ulikuwa mkali mno kwa vijana wale. Ila siku hiyo hiyo alikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Hicho kipande ndo nilikichukua. Katika ile laki sita na arobaini, mweka hazina alikubali deni lote, mimi nikasema laki mbili ni zangu kwa sababu ya zile "mpe tu", nililipa elfu ishirini kwa wiki, wiki kumi. Hakuna kifungu kilichonilazimisha. Wiki ya tatu hivi ndo niliona watu wanaanza kunisalimia kwa jina tena.

HATUA YA SITA: KUTUKANWA

Itakuja, na haitakuja kwa adabu. Siku ya kikao mama mmoja anaeuza vitumbua alisimama, hakupiga kelele, akaniangalia akasema, "Baba Rehema, mimi ile ilikuwa ada ya mtoto. Nilikuamini wewe, yule mwingine hata simjui." Kisha akakaa akajifunika khanga usoni. Nilikuwa na majibu kama matano kichwani. Niliyameza yote, nikasema, "Ni kweli mama, ulikuja kwa ajili yangu."

Mwaka 2009 pale Diamond Jubilee, kwenye Baraza la Maulid, Mzee Mwinyi anahutubia, kijana mmoja akapanda jukwaani akamchapa kibao. Rais mstaafu, mzee wa zaidi ya miaka 80, mbele ya umati. Mzee aliwatuliza watu akaendelea kuongea. Kila nikikumbuka naona ule utulivu wake ulikuwa na miaka mingi ya mazoezi nyuma yake, mtu aliewahi kuachia uwaziri kwa hiari hawezi kuona heshima yake ipo kwenye shavu.

Kwa vitendo: matusi ya usoni msikilize mtu mpaka amalize, usimkatize hata akikosea tarakimu, tarakimu utarekebisha mwishoni. Matusi ya kwenye grupu usijibu usiku kabisa, zima data ulale, asubuhi jibu maswali tu na matusi yaache yalivyo. Usimtume mkeo wala mtoto akujibie. Na usitoke kwenye grupu, utaonekana unakimbia.

HATUA YA SABA: KUSUBIRI BILA KUDAI

Mwinyi baada ya 1977 alipelekwa ubalozi Misri, miaka kadhaa huko mbali na macho ya watu. Akarudi kwenye uwaziri, Januari 1984 Aboud Jumbe alipojiuzulu urais wa Zanzibar mambo yakiwa magumu wakamuita yeye, na 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Jakaya Kikwete mwaka 1995 kwenye kura za CCM za kumpata mgombea urais aliongoza raundi ya kwanza, raundi ya pili Benjamin Mkapa akampita, akakubali, akafanya kazi chini ya Mkapa kama Waziri wa Mambo ya Nje miaka kumi, ndo 2005 ikawa zamu yake.

Ila naomba usichukue hii kama ahadi. Bibi Titi Mohamed aliewakusanya kinamama wa Dar kuingia TANU wakati hata kadi ilikuwa hatari, alihukumiwa kifungo cha maisha 1971 kwenye kesi ya uhaini, akaachiwa 1972, na kiti hakurudi nacho. Leo unapita barabara yenye jina lake pale mjini. Wapo wanaorudishiwa na wapo ambao hawarudishiwi, kwa hiyo kama unasubiri ili urudishiwe utaumia mara mbili. Unachofanya kwenye huo muda ni kitu kimoja: kuwa mwanachama mzuri. Fika mapema, nunua hisa, lipa faini ukichelewa, usimkosoe mwenyekiti mpya kwa jambo ambalo wewe ungelikosea vile vile, na akikuuliza kitu mjibu pembeni sio mbele za watu.

Mzee Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024 hapa Dar, akazikwa Mangapwani, Unguja. Siku ya mazishi nilikuwa njiani kwenda kikaoni, kwenye daladala redio ilikuwa inasoma historia yake, walipofika 1977 konda akaongeza sauti.

Sisi bado tunakutana Jumamosi saa kumi. Siku hizi mwenyekiti ni yule mama wa vitumbua, anasoma taarifa ya laini kwa sauti muamala kwa muamala, kisha anaita namba. Mimi ni namba kumi na nne, nanyanyuka na hisa zangu tano, nahesabiwa mbele ya watu, narudi mkekani.